Mkia Ndio Hukumu: Kuwatambua Ndege wa Mito ya Kigoma

Simama Kibirizi asubuhi wakati dagaa wameanikwa, umuulize mtu yeyote yule ndege mweupe na mweusi aliyetua juu ya mchikichi ni nani. Utajibiwa "tai", basi. Jibu si baya, ila wanaoitwa hivyo hapa ni wawili, na wala hawafanani maisha. Mmoja anaishi kwa samaki, mwingine ni tumbusi anayeshiba chikichi. Watu huwachanganya kwa sababu wanaanza na rangi. Kwa ndege wa mtoni, rangi iache mpaka mwisho. Anza na maji.

Mito yetu mingi ya upande huu ni mifupi na mikali. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Matuta ya Gombe yanapita mita 1,500, na kule Mahale kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Kijito kama Kakombe kinaporomoka mteremko huo wote ndani ya kilomita chache. Luiche ni mrefu zaidi. Unakusanya maji ya vilima vya ndani, unapoa ukifika tambarare, kisha unatawanyika kwenye matete na mashamba ya mpunga kusini ya Ujiji. Malagarasi ni habari nyingine kabisa, mto mpana wenye mabwawa makubwa, nyumba ya korongo nyangumi. Ukisoma orodha ya ndege wa Malagarasi ukaenda nayo Gombe, utarudi umekasirika.

Kwa hiyo kabla hujainua darubini, jiulize umesimama wapi. Maji yanapiga mawe na miti imefunika juu? Uko sehemu ya juu. Maji yana kina, kingo ni za udongo na mikuyu imeinama? Uko katikati. Matete, tope na anga wazi? Umefika chini. Swali hilo peke yake linakuondolea zaidi ya nusu ya ndege ambao ungewahangaikia bure.

Saa nayo ina ujanja wake. Miongozo mingi inakuambia utoke saa 12 asubuhi. Hiyo inawafaa watu wa Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi mno, na jua linatufikia karibu dakika 40 baada yao. Hapa huchomoza mnamo saa 1, mapema kidogo au baadaye kidogo kulingana na mwezi. Halafu mabonde yetu yanatazama magharibi, jua linatokea nyuma ya mlima, kwa hiyo kijito hubaki kivulini mpaka saa 2 na zaidi. Ndani ya kivuli hicho bluu, kijani na zambarau zote ni nyeusi. Muda huo utumie kusikiliza, usiutumie kubishana juu ya rangi. Jioni mambo hugeuka: ukitazama ziwani jua liko usoni na kila ndege ni kivuli tu, lakini ukiligeuzia ziwa mgongo, kuanzia saa 10 hadi saa 12 mwanga unapiga mlima moja kwa moja. Hiyo ndiyo saa nzuri ya kuwatazama ndege wa mitini.

Darubini inayofaa ni 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zile ndogo za 8x25 zinaingia mfukoni vizuri, lakini chini ya miti ya kijito zinaleta giza. Za 12 na kuendelea zinatetemeka mikononi. Wengi wanaolalamika kwamba darubini yao ni mbovu hawajairekebisha tu. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama kitu kisichotikisika kama mita 20 mbele, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba ya kushoto, usiguse tena gurudumu, uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia. Ukimaliza, weka alama ya kalamu kwenye ile pete, maana mtu wa pili akiazima ataichezea. Mchanga wa ufukweni upulize kwanza kabla ya kufuta, la sivyo unakwaruza kioo. Na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu usizitupe, zitie kwenye mfuko wa darubini. Masika ya hapa huotesha ukungu ndani ya lenzi.

Sasa turudi kwa wale tai wawili. Furukombe, yaani tai mla samaki, ana kichwa, kidari na mkia mweupe, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu, na mabawa meusi. Tumbusi wa michikichi, ambaye wataalamu humwita Gypohierax angolensis, ni mweupe mwili mzima kuanzia kichwani hadi tumboni, weusi wake uko sehemu ya nyuma ya mabawa na kwenye mkia. Ukiwa mbali yote hayo yanachanganyika. Basi angalia mkia peke yake. Mkia mweupe wote ni furukombe. Mkia mweusi wenye ncha nyeupe ni tumbusi. Mkia ndio hukumu, na unaonekana hata ndege akiwa juu sana.

Akitua karibu, tazama uso. Tumbusi ana ngozi tupu ya rangi ya chungwa au waridi kuzunguka jicho, kama mtu aliyejipaka kitu. Furukombe uso wake ni wa manjano. Angalia pia anachofanya. Tumbusi anatembea juu ya makuti, anang'oa chikichi moja, anaibana kwa mguu na kuichuna ile nyama ya nje inayokamuliwa mawese, mise, yaani kokwa ya ndani, anaiacha. Chini ya mti anaopenda utakuta maganda yaliyochunwa yametapakaa. Hata hivyo usimhukumu kwa chakula tu, kwa sababu hula pia kaa na samaki, na mara nyingi utamkuta ufukweni. Furukombe anapiga kelele, kichwa kimetupwa nyuma, sauti inasikika ng'ambo ya ghuba. Tumbusi karibu siku zote yuko kimya.

Tatizo ni watoto. Kinda wa ndege hawa wote wawili huwa wa kahawia, na huchukua miaka kadhaa kuvaa rangi za wazazi. Hapo mkia haukusaidii sana. Linganisha mabawa: furukombe ana mabawa mapana na marefu, kutoka ncha hadi ncha yanaweza kuzidi mita 2, wakati ya tumbusi ni kama mita 1 na nusu. Kama yuko peke yake na hakuna wa kumlinganisha naye, andika "kinda, hajulikani" uendelee na safari.

Ndege wa pili wanaowasumbua watu ni midiria. Kiswahili kimewapa jina moja wote, lakini kwenye bonde moja unaweza kuwapata wanne, na kila mmoja ana sehemu yake ya mto.

Mdiria mweusi na mweupe ndiye wa kila siku. Ana ukubwa wa kati ya shore na njiwa, na hana rangi nyingine yoyote. Huyu anajua kusimama hewani, mabawa yakipiga haraka, mdomo umeelekea chini, kisha anajitupa. Kwa kuwa anaweza kummeza samaki mdogo akiwa bado anaruka, hahitaji kurudi kwenye tawi, ndiyo maana unamwona mbali na ufuko, juu ya ziwa wazi. Dume ana mishipi miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, tena umekatika katikati. Kati ya midiria wote, huyu ndiye rahisi kumtofautisha dume na jike.

Mdiria mkubwa ana urefu wa sentimita 45 hivi, karibu sawa na kunguru, mgongo mweusi wenye vidoa vyeupe na mdomo kama shoka. Anawinda akiwa ametulia kwenye tawi, kwa hiyo anataka mto wenye miti mikubwa ukingoni. Miti ikikatwa anahama, hata kama samaki bado wamo. Dume ana rangi ya kutu kifuani, jike ana rangi hiyo hiyo tumboni. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, "kak-kak-kak" kali inayopita juu ya maji.

Waliobaki ni wadogo wenye bluu, na hapa ndipo makosa yanapojaa. Mdiria mdogo wa matete (Corythornis cristatus) na mdiria kibete (Ispidina picta) wote wana bluu mgongoni, chungwa tumboni na mdomo mwekundu, na wote ni wadogo kuliko shomoro. Angalia juu ya jicho. Kwa yule wa matete, bluu ya utosi, yenye michirizi myeusi, inashuka mpaka inagusa jicho. Kwa kibete kuna mstari wa rangi ya chungwa unaotenga jicho na utosi, na nyuma ya jicho ana doa la zambarau. Kama huwezi kuona yote hayo, angalia mahali. Wa matete hakai mbali na maji yaliyotulia. Kibete anakula wadudu, utamkuta katikati ya miombo au hata kwenye shamba la mihogo, mto ukiwa hauonekani kabisa. Na kuna mtego mwingine: kinda wa mdiria wa matete ana mdomo mweusi. Kila mwaka kuna mtu anayemtangaza kuwa ndege mpya kwa sababu ya mdomo huo.

Midiria hao wa mtoni huchimba mashimo kwenye kingo za udongo zilizosimama wima. Ukiona tundu la ukubwa wa ngumi ya mtoto, na chini yake kuna michirizi myeupe ya kinyesi, shimo linatumika. Simama mbali, mita 30 hivi, pembeni, si mbele ya tundu. Ukisimama mbele, mzazi atakaa na samaki mdomoni bila kuingia, na makinda watakaa na njaa kwa sababu yako. Ukingo huohuo ndio wachoma tofali wanaoupenda, kwa hiyo mashimo ya mwaka jana usiyategemee.

Panda juu sasa, kwenye mawe. Hapa kuna ndege mwembamba anayetikisa mkia bila kupumzika. Jina ninalolitumia ni mtikisamkia, linamtosha. Wapo wawili. Wa kwanza ni mweusi na mweupe, mgongo mweusi tii, nyusi nyeupe, kidani kipana cheusi kifuani na doa kubwa jeupe kwenye bawa. Huyu amezoea watu: yuko bandarini, juu ya mapaa, kwenye mitumbwi, kwenye mto mpana wenye mchanga. Wa pili, Motacilla clara, ni wa mlimani. Mgongo wake ni wa kijivu, kidani chake ni chembamba kama uzi, tumbo jeupe safi, na mkia ni mrefu hata unadhani umeazimwa. Anataka maji yanayokimbia, mawe yenye unyevu na kivuli. Kipande kimoja cha kijito huwa na jozi moja, na ukiwafukuzia juu watafika mwisho wa eneo lao, kisha watakuzunguka na kurudi chini walikotoka. Ukiona hivyo, usiwahesabu mara mbili.

Kosa la kawaida ni kumwona kinda wa yule wa bandarini, ambaye mgongo wake ni wa kijivu-kahawia, ukasema ni wa mlimani. Tazama bawa. Doa kubwa jeupe likiwepo, ni kinda wa bandarini, hata kama mgongo unakudanganya.

Kisha kuna mgeni anayewaiga. Kuanzia Agosti hadi Aprili hivi, kwenye kingo hizohizo anakuja kitwitwi kutoka Ulaya na Asia, Actitis hypoleucos, naye anatikisa sehemu yote ya nyuma kwenda juu na chini. Mgongo ni kahawia, mkia mfupi, na weupe wa tumbo unapanda mbele ya bega kama kikabari. Akiruka, anaruka chini sana juu ya maji, mabawa yameinama, anapiga mapigo machache ya haraka halafu anateleza. Hakuna mtikisamkia anayeruka hivyo, wenyewe hupanda na kushuka kama mawimbi.

Fundichuma hahitaji maelezo mengi. Ni kahawia mwili mzima, kichwa chake kina kishungi nyuma na mdomo mbele, kama nyundo. Ukishindwa kumtambua huyu, basi darubini iko kinyume. Kinachofaa kuangaliwa ni kiota: rundo la vijiti na matope linalozidi mita 1 na nusu upana, lina paa na mlango mdogo upande wa chini, limewekwa kwenye panda ya mti mkubwa karibu na maji. Kiota kikiwepo haimaanishi fundichuma yumo. Wanajenga vingi kuliko wanavyohitaji, na vilivyoachwa huchukuliwa na bundi, nyuki au nyoka. Usitie mkono. Wapo pia watu wasiotaka kiota hicho kiguswe hata kidogo, nao ni wa kuheshimiwa, kwa sababu kwa hofu yao mti umesalimika.

Kwenye msitu unaoufuata mto, shingo itakuuma. Kwenye mkuyu wenye matunda, simama tu. Ninga, njiwa wa kijani, watakuwa ishirini na hutamwona hata mmoja mpaka waruke kwa pamoja. Kulukulu wa huku magharibi ni zambarau iliyokolea, ana mdomo wa manjano na kishungi chekundu, na mabawa yake yakifunguka yanawaka wekundu. Kwenye kivuli cha asubuhi ni ndege mweusi mkubwa anayekimbia juu ya matawi kama kindi, na hilo kukimbia ndilo litakalokuambia ni nani. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu anajitambulisha kwa mruko wake wa kupanda na kushuka. Chini, kwenye majani makavu, sikiliza pugi, "du... du... du-du-dududu" inayoharakisha na kufifia. Na ukifika kituo cha wageni Gombe, usipite mbio. Wale ndege wadogo wenye kifua chekundu na tumbo jeusi lenye vidoa vyeupe wanaorukaruka karibu na miguu ya watu, porini ni wagumu sana kuonekana.

Kijijini na mashambani kuna shore mwenye utosi mweusi na manjano chini ya mkia, chozi wenye midomo iliyopinda kwenye maua ya migomba, na minana wa manjano wanaochana makuti ya michikichi kuwa nyuzi za kusukia viota. Hawa utawajua ndani ya wiki. Wajue vizuri hasa, kwa kuwa ndio kipimo chako: kila ndege mgeni andika kama ni mdogo kuliko shomoro, sawa na shore, sawa na njiwa, sawa na kunguru, au sawa na kuku. Kusema "ni wa wastani" hakumsaidii mtu.

Sauti mbili zitakuamsha. Kwararaa wa kahawia hupita juu alfajiri akipiga "haa! ha-ha-haa!" kama mtu aliyesikia habari mbaya. Dudumizi yuko vichakani karibu na maji, sauti yake ni ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Wazee husema anaita mvua. Ni kweli kwamba huita sana msimu wa mvua, ila huita na siku nyingine pia, kwa hiyo nguo zako usizianue kwa ajili yake.

Namna ya kutembea: chagua kilomita 1 ya mto, uigawe vituo 5 vya mita 200. Kila kituo, dakika 2 za kwanza usiandike wala usitazame kwa darubini, ndege wanahitaji muda wa kukusahau. Kisha dakika 10 za kuandika. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka kitabu kikilowa. Andika saa, sehemu ya mto, alikokaa na kwa kimo gani, ukubwa, alichokuwa akifanya, halafu alama: mdomo, jicho, koo, kidari, bawa, mkia, miguu. Jina liandike mwisho kabisa, na mbele yake tia herufi: A una hakika, B unadhani, C unabahatisha. Ukianza na jina, macho yataanza kuona alama ambazo hazipo.

Nguo ziwe za kijani au kahawia. Bluu na nyeusi acha nyumbani ukipanda kwenye miombo, kwa sababu mbung'o wanazifuata rangi hizo. Chini, maji yaliyotulia usiyaingie kwa miguu mitupu, kichocho kipo, na kwenye matete ya Malagarasi na baadhi ya sehemu za ziwa kuna mamba na viboko. Gombe huingii bila mwongozaji wa hifadhi, na inafikika kwa boti tu, kwa hiyo saa ya kufika huipangi wewe. Mwombe mwenye boti mwondoke mapema uwezavyo.

Msimu nao unahamisha ndege. Mvua zikianza Novemba, mbayuwayu wa Ulaya wenye koo jekundu na mshipi mweusi kifuani hujichanganya na wa kwetu wenye kofia ya rangi ya kutu, tumbo jeupe tupu na nyuzi mbili mkiani. Wa kwetu ndio wanaofinyanga viota vya matope chini ya madaraja, wale wageni hawajengi huku. Kuanzia Machi, Luiche ukiwa umejaa tope, mdiria hawezi kuona samaki ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mara nyingi utamkuta amepanda kwenye vijito vya pembeni ambavyo bado ni safi, au ameshuka ziwani. Kwa hiyo mwezi Aprili ukimwona mdiria mweusi na mweupe amekaa juu ya jiwe la mtikisamkia wa mlimani, usifute ulichoandika.